Vichupa Vinane vya Chemchemi

Wanaume wanane walikuwa wamejipanga nje ya choo cha kambi, jua hata halijakaa vizuri, wakimsubiri mwanamke mmoja akojoe.

Kila mmoja ameshika kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa kikaoshwa tena, na kila mmoja anajifanya yuko pale kwa shughuli zake nyingine. Huyu anatazama mawingu, yule anajichokonoa meno. Msicheke bado. Hawa ni wakata miwa, watu ambao mmoja wao anaangusha tani saba kwa siku kwa panga na mkono wake mwenyewe. Lakini asubuhi hiyo heshima yao yote ilikuwa ndani ya ndoo ya plastiki ya mke wa mwenzao.

"Shemeji, vipi huko, mvua imeanza?" akauliza Kasuku, mkata miwa mwembamba ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

"Ukinisemesha inakata," akajibu mama kutoka ndani. "Na wewe uliye wa mwisho usishangae ukipata matone."

"Isije tu ikaonekana tuna mimba," akanong'ona mmoja.

"Ikionekana, mtoto ni wako!"

Wakacheka kwa kubana midomo. Mume wa mama huyo, ambaye kambi nzima ilimwita Komando kwa jinsi alivyokuwa akiivamia miwa, alisimama mbele ya foleni, kifua mbele, kama mwenye duka. Ndiye aliyewaleta. Ndiye aliyejisifu kwenye kijiwe cha bao kwamba mkewe ana mkojo safi kuliko maji ya chupa, na kwamba misimu miwili sasa yeye anapita kipimo cha kampuni bila hata kutokwa na jasho. Tangu siku hiyo mama wa watu akaitwa Chemchemi, na jina likamganda.

Ndani, Chemchemi alikuwa ameinamia ndoo yake. Povu lilikuwa limejaa juu, jingi, halitaki kushuka. Akalipuliza pembeni kama mtu anayepoza chai, akachota taratibu, akavijaza vichupa vyote vinane kimoja baada ya kingine. Kiuno kilimuuma, na miguu ilikuwa imevimba tena asubuhi hiyo, viatu vinambana. Akasema ni uzee, na akasema ni lile jiwe la kufulia analosimamia kutwa. Mtu akiwa na shughuli hakosi sababu ya kujidanganya.

Sasa ngoja niwaeleze kipimo hicho kilitoka wapi, maana bila hivyo mtadhani hawa ni wehu.

Miaka minne nyuma, wakata miwa watatu walikufa msimu mmoja. Walivimba miguu, mikojo yao ikatoa povu, wakakonda, wakaisha. Wa tatu alikuwa kaka yake Komando, tumbo moja. Habari zikawafikia wanunuzi wa sukari huko ng'ambo, nao wakaandika barua: sisi hatununui sukari inayoua watu na kuua mito, kampuni ilete cheti cha uadilifu au tuachane. Kampuni si mjinga. Ikaingia kazini kutafuta cheti.

Kwanza, mto. Zamani maji machafu ya kiwanda, yale meusi yanayonuka molasi iliyochacha, yalimwagwa mtoni moja kwa moja, mto uleule ambao wakata miwa walikunywa maji yake wakiwa shambani. Wakaguzi hupima mtoni. Basi kampuni ikachimba mtaro mrefu, maji yale yakageuzwa, yakapelekwa kwenye bwawa la udongo mtupu nyuma ya kambi ya wafanyakazi, hatua mia mbili kutoka kisima ambacho wake zao huteka. Samaki wakarudi mtoni. Wakapigwa picha, zikabandikwa ukutani ofisini. Kisimani maji yakaanza kuwa na rangi ya chai nyepesi na ladha ya kuchachuka, na watu wakayazoea, kwa kuwa hakuna aliyetumwa kupima kisimani.

Pili, maji ya wafanyakazi. Likanunuliwa tangi la magurudumu, linavutwa na trekta mpaka shambani, limejaa maji ya kisima kirefu cha kiwandani, baridi, hayana hata kivuli cha uchafu. Mkata miwa anakunywa mpaka anatosheka. Kupeleka nyumbani marufuku, maana cheti kinahesabu wafanyakazi, na mke wa mfanyakazi hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Tatu, afya. Kabla ya kila msimu kila mkata miwa anapimwa mkojo. Ukionekana una figo mbovu, huajiriwi, kwa ajili ya kukulinda. Loo, watu walilindwa! Walilindwa na jua, walilindwa na kazi, walilindwa na mshahara, na baada ya siku saba walilindwa hata na chumba, kwa sababu vyumba vya kambi ni vya kampuni na asiye na kazi hana chumba.

Na hapo ndipo palipomuuma Chemchemi. Chumba chao kilikuwa cha sita kwenye mstari wa vyumba kumi na vinne. Miaka kumi na tisa amekaa humo. Alizalia humo mabinti wawili akawaozea humo, akapiga lipu ukuta kwa mikono yake. Kwingine pa kwenda hawakuwa napo. Shamba la baba mkwe wake lilishamezwa na miwa kabla yeye hajaolewa, sasa linaitwa bloku namba kumi na nne, na Komando alikuwa akilikata kila msimu kama kibarua kwenye ardhi ya baba yake. Wakitolewa kwenye chumba kile, ni barabarani na godoro kichwani.

Ndiyo maana Komando alipotoka kumzika kaka yake, akaumwa kiuno siku mbili, akajitia hakika kwamba naye anao ugonjwa ule, Chemchemi hakubisha. Kipimo cha kwanza kilipokuja alimpa mkojo wake. Cha pili, akampa. Yeye hajawahi kushika panga, kwa hiyo yeye ni mzima. Ndivyo walivyopiga hesabu, na kambi nzima ilipiga hivyo hivyo. Ugonjwa ni wa miwa. Asiyekata miwa atautoa wapi? Hata jana yake, ili wanaume wanane watosheke, alikaa kisimani akanywa bakuli baada ya bakuli mpaka tumbo likamlia.

"Tayari," akasema, akafungua mlango wa choo. "Wekeni kwapani vipate joto. Na atakayenitaja jina, mimi na yeye."

"Shemeji, wewe ni mama yetu," akasema Kasuku, akakibusu kichupa.

Kipimo kilikuwa saa nne. Miaka yote kilifanyika ndani ya zahanati, mlango umefungwa. Mwaka huu walikuja wageni wa cheti, mama mmoja mwenye kofia pana na kijana wa kamera, na meneja akataka waone kwa macho yao. Basi ikawekwa meza uwanjani, kitambaa cheupe juu, turubai la kivuli. Wake wa wafanyakazi waliambiwa wavae vizuri wakae kwenye mabenchi upande mmoja, na meneja akipiga makofi nao wapige.

Utaratibu ulikuwa huu. Mkata miwa anapewa kikombe, anaingia chooni, anatoka nacho kimejaa. Muuguzi anakishika kuona kama kina joto. Daktari wa kampuni anachovya kijikaratasi cha njano, anahesabu, anakiweka kwenye sinia jeupe. Kikibaki njano, nenda kachukue panga. Kikigeuka kijani, pole.

Wa kwanza, ambaye hakuwa wa foleni ya vichupa, akapita. Wa pili, naye vilevile, akapita. Akaitwa Komando. Akaingia chooni kwa mwendo wake ule wa kuvamia, akatoka, akakabidhi kikombe huku akimkonyeza mkewe kwa mbali. Chemchemi akatazama pembeni, amefunika mdomo kwa khanga ili asicheke.

Kijikaratasi kikageuka kijani. Si kijani cha kusitasita, kijani kibichi kabisa, cha jani la muwa.

Komando akatoa macho. Chemchemi akawaza kwamba labda amekosea, labda kichupa kilikuwa na mabaki ya dawa. Akaitwa Kasuku. Kijani. Akaitwa Nyati, kijana wa shingo nene ambaye hajawahi kuumwa hata mafua, aliyechukua kichupa kwa woga tu. Kijani. Wa nne alipoweka kikombe chake mezani, mama wa watu alikuwa ameshaacha kukitazama kikombe. Alikuwa anatazama sinia. Alikuwa anajitazama mwenyewe, amepangwa pale kwenye kitambaa cheupe, mara tatu, mara nne, mara tano.

Vilipotimia vinane daktari akaliinua sinia wageni waone.

"Sijawahi kupata kundi bovu hivi," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu ambaye mtego wake umenasa. "Rangi hii maana yake figo zinavuja. Na hizi zimekwenda mbali. Mwenye mkojo huu mguu unavimba asubuhi, kiuno kinauma, mkojo una povu. Anajidanganya ni uchovu. Bila matibabu ya hospitali kubwa, mwaka, mwaka na nusu, tunamzika."

Chemchemi akaivuta miguu yake chini ya benchi.

"Na sasa mtawafanyaje?" akauliza mama wa kofia.

"Watapumzika nyumbani kwao," akasema meneja. "Hatuchezi na afya ya mtu."

"Vizuri sana. Mmeokoa watu wanane."

Meneja akapiga makofi. Mabenchi yakapiga makofi. Jirani akampiga kiwiko Chemchemi, "Piga, wanatutazama," naye akapiga. Mikono yake ilipiga makofi kwa ajili ya kifo chake, na kijana wa kamera akampiga picha maana alikuwa amevaa khanga inayopendeza.

Nyati akashindwa kuvumilia. "Daktari, huo si—" Komando akamkanyaga mguu kwa buti. Mkojo wa kuazima ni udanganyifu, na adhabu yake ilijulikana: jina lako linaandikwa langoni, hukanyagi shamba la kampuni mpaka unakufa. Ukisema si wako, umekwisha. Ukisema ni wako, umekwisha vile vile. Maji yamezidi unga, na wao ndio waliomimina.

"Kila mgonjwa anasema si wake," akasema daktari kwa upole. "Cheti kinataka tuhakikishe mara mbili. Alhamisi mje tena."

Kabla Chemchemi hajafika mlangoni kwake, walishajaa. Wanane wote, na wake zao juu.

"Shemeji, umetuuza!" akafoka Kasuku. "Tumekuamini kama benki, kumbe umeoza!"

"Umewatia waume za watu kitanzi," akadakia mkewe Kasuku. "Si ungesema mapema kwamba wewe ni mgonjwa?"

"Ningejuaje?" Chemchemi akasema. "Nimepimwa lini mimi? Nimepimwa leo, mara ya kwanza maishani mwangu. Mara nane kwa mpigo."

Mngedhani hapo mtu angesema pole. Wanawake wale walikuwa wamekopeshana chumvi miaka kumi na tisa, wameoshana watoto na kuzikiana. Hakuna. Walikuwa wanawaza siku saba, walikuwa wanawaza godoro kichwani. Akamtazama mumewe, akangoja. Komando alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakuna ndevu.

"Ulikula nini jana?" akamuuliza mkewe. "Jana hiyo, ulikula nini ukaniharibia?"

Chemchemi akaingia ndani, akaketi kitandani, akalia. Alilia kwa sauti wala hakujali nani anasikia. Nje waliendelea na mkutano.

Kesho yake msako ulianza. Mfagiaji wa zahanati alipewa kuku mmoja, akatoa pakiti nzima ya vijikaratasi. Mpango ulikuwa mwepesi: itafutwe chemchemi nyingine. Vyumba ni kumi na vinne, wanawake wamejaa, hakosekani mmoja. Wakapita mlango kwa mlango, Kasuku ameshika pakiti, Nyati ameshika kopo, wanabembeleza, wanatania, shemeji hebu tusaidie, mama hebu tupe kidogo tu.

Chumba cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Mke wa Kasuku mwenyewe, yule aliyepiga kelele kuliko wote, kijani, akaketi chini palepale kwenye vumbi. Mama mnene wa chumba cha nane, kijani. Binti yake wa miaka kumi na moja, kijani hafifu. Hata bi harusi wa chumba cha tisa, aliyeletwa kambini miezi mitatu iliyopita, kijikaratasi chake kilikuwa kimeshaanza kuchungulia ukijani. Kila mlango uliposhindwa, walikitupa kijikaratasi mtaroni, wakaenda mlango wa mbele. Hawakusimama kuuliza kitu. Walikuwa watu waliokuta duka limefungwa, wanatafuta jingine.

Kwenye chumba cha mwisho, kwa mjukuu wake mkata miwa, alikaa bibi mmoja mjane, mama mzazi wa mkata miwa aliyekufa wa kwanza. Akakitazama kijikaratasi chake kikigeuka, akauliza, "Haya, na sisi je? Sisi tutapumzishwa wapi?"

"Bibi, ngoja kwanza," akasema Kasuku. "Tuna mambo ya Alhamisi."

Jioni walirudi mbele ya chumba cha sita, wamechoka, mikono mitupu. "Kambi nzima," akasema Nyati, "haina hata mwanamke mmoja mzima!" Akatema mate.

Chemchemi alikuwa mlangoni, miguu ndani ya beseni. Tangu jana alikuwa akiwaza, na mtu aliyehukumiwa huwaza sana. Akasema, "Komando, jipime wewe."

"Nijipime nini? Mimi si najijua?"

"Unajijuaje? Misimu yote hii umepima figo zangu. Zako hujawahi kuziona hata siku moja."

Watu wakacheka kidogo, cheko la uchovu. Kasuku akasema, "Haya, Komando, jipime, tuone shimo lina kina gani." Komando akaona haya kukataa mbele za watu. Akazunguka nyuma ya ukuta, akarudi na kopo amelishika kwa mbali, uso umegeuziwa upande. Kasuku akachovya. Wakahesabu kwa pamoja, kwa sauti, mpaka sitini.

Njano.

Wakachovya kingine. Njano, njano ya kifaranga, hakina hata doa. Komando akakichukua, akakisogeza kwenye mwanga, akakigeuza. Halafu, jamani, yule mtu alicheza. Alipiga magoti akabusu ardhi, akainuka akazungusha kiuno, akamkumbatia Nyati, akapiga vigelegele kama mwanamke. Amezika kaka, ameishi miaka minne anajihesabia siku, kumbe mzima! Wenzake wakamkimbilia kopo. Nyati, njano. Kasuku, njano. Katika wanane, sita walikuwa wazima wa afya. Wawili tu ndio waliokuwa nao, na hao wawili ndio waliokuwa na mazoea ya kurudi kambini mchana kula na kunywa nyumbani.

"Ni maji," akasema Chemchemi.

Hakuna aliyesikia. Akapandisha sauti.

"Ni maji, nyie! Ninyi mnakunywa ya tangi kutwa. Sisi tunakunywa ya kisima, na kisima kinakunywa bwawa. Miwa inahusika nini hapo?"

Kelele zikashuka. Wanawake walitazamana. Komando akamtazama mkewe, akatazama ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mguu wake, na akaisogeza kwa buti, polepole, isimguse.

Alhamisi wote wanane walipita. Sita walikojoa wenyewe, wawili wakajaziwa na Komando. Daktari alikuna kichwa, akaandika kwamba wiki ya mapumziko inafanya maajabu, na wageni wakainakili hiyo nayo. Panga zikagawiwa. Hakuna aliyetoka kwenye chumba chake. Jina nalo likahama: Komando akawa ndiye Chemchemi, wakamwita hivyo mpaka shambani. Mkewe wakamwita yule mgonjwa.

Wanawake walikwenda ofisini, kumi na mmoja kwa pamoja, wakamweleza karani habari za kisima. Karani akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza namba zao za usajili wa kazi. Hawakuwa nazo. Akafunga daftari.

Miezi miwili baadaye ripoti ya wageni ikafika, na ilikuwa na sifa na pendekezo moja: mfanyakazi apewe maji salama hata ya kunywa nyumbani. Kampuni ikatii. Kila mkata miwa akakabidhiwa dumu jekundu la lita tano, limeandikwa namba yake, linajazwa kila jioni langoni. Lita tano, mtu mmoja, kama daktari alivyoshauri.

Jioni ya kwanza Komando alirudi nalo begani, akalifuta vumbi, akalisukuma chini ya kitanda, upande wake.

Chemchemi alikuwa amelala. Uso ulikuwa umeshaanza kujaa, macho yamekuwa madogo, na pumzi anaihema kwa awamu. Alikuwa ameona dumu likipita.

"Baba," akasema, "nitilie kikombe kimoja."

Komando alikuwa anavua buti. Akavua moja, akavua la pili, akayapanga pamoja ukutani kwa uangalifu mkubwa.

"Daktari kasema mkata miwa asipungukiwe na lita tano," akasema.

"Kikombe tu."

"Leo kikombe, kesho kikombe. Na ujue sijikojolei peke yangu mimi. Nina wanaume wawili msimu ujao wananitegemea." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kitu kigumu, na alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mguu uliovimba, kidole chake kikaacha shimo kwenye nyama. "Fikiria mwenyewe. Wewe ulikwenda mbali, daktari alisema. Nikiugua mimi, chumba kinakwenda. Ukiugua wewe, chumba kinabaki."

Chemchemi alilitafuta jibu. Alilitafuta kwenye lipu ya ukuta aliyoipiga mwenyewe na kwenye mlango waliotokea mabinti zake wakiwa wamefunikwa shuka za harusi, na kila alipogusa akakuta mumewe amesema kweli. Ni yeye aliyekojoa kwenye ndoo misimu mitatu ili chumba hiki kisiende.

"Kweli," akasema.

Koo lilikuwa limemkauka. Akateremsha miguu, akakaa kidogo mpaka kizunguzungu kikapita, akachukua ndoo yake nyuma ya mlango. Nje wenzake walikuwa wameshaanza kuteremka kisimani, kila mmoja na ndoo, na yule binti wa miaka kumi na moja na kidumu chake.

"Unakwenda kuteka?" Komando akaita kutoka ndani. "Basi niletee na ya kuoga."

Chemchemi akasimama kizingitini, mkono kwenye fremu.

"Ya moto au ya baridi?" akauliza.